Mcheza Sinema Aliyekubali Kuanza Upya

Sisi akina mama wa Nyakisasa tunaijua sura ya mkimbizi. Mwaka 1994 wenzetu wa Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa mamia ya maelfu, watoto mgongoni, wakaelekea Benaco. Kwa hiyo sinema ya zamani ya Marekani iitwayo Casablanca, ya mwaka 1942, inatugusa. Ndani yake mume na mke wamekwama nchini Moroko, wakitafuta hati za kusafiria wasije wakakamatwa na Wajerumani.

Aliyecheza kama mume huyo ni Paul Henreid, naye mambo hayo aliyajua. Alizaliwa Trieste mwaka 1908, mji huo ukiwa chini ya Austria. Aliwapinga Wanazi, akaondoka kwao, akaishi Uingereza, na mwaka 1940 akafika Marekani. Huko akawa kipenzi cha watazamaji.

Mwaka 1947 alikwenda Washington na waigizaji wenzake kupinga jinsi kamati ya Bunge ilivyowahoji watu wa sinema kwa kuwashuku kuwa wakomunisti. Baada ya hapo makampuni makubwa yakamnyima kazi. Fikiri, mama mwenzetu: baba ana mke, Lisl, na mabinti wawili waliowachukua na kuwalea kama wao wenyewe, naye amefungiwa riziki!

Henreid hakukaa akilia. Aligeukia kazi ya kuongoza. Mwaka 1957 Alfred Hitchcock alimpa vipindi vyake vya televisheni, naye akaongoza zaidi ya 25. Mwongozaji huwapanga waigizaji na kuamua kamera isimame wapi, lakini sura yake mtazamaji haioni. Mtu aliyezoea kushangiliwa alikubali kuwashangilisha wengine. Mwaka 1964 aliongoza hata sinema ya Bette Davis, ambaye mwaka 1942 walikuwa wamecheza pamoja kama wapendanao.

Lisl, aliyefunga naye ndoa mwaka 1936, alikuwa bado mkewe Henreid alipofariki mwaka 1992. Ni miaka 56, ya sifa na ya ukame.

Wapendwa, hata kwetu waume hupunguzwa kazini, na kahawa hukosa bei. Baba akirudi na kazi ndogo isiyo na jina, tusimlinganishe na alivyokuwa jana. Tumpokee, tumtengee chakula kwa heshima ile ile, na jioni tupige magoti pamoja na watoto tumshukuru Mungu kwa riziki hiyo.