Mavazi ya Waarabu na Maana Zake (2): Kichwani

Juma lililopita tuliishia kwenye ukosi wa kanzu. Leo tupande kichwani. Wengi wetu kila kinachofunika kichwa cha Mwarabu twakiita kilemba, na hapo ndipo tunapopotea.

Kilemba huzungushwa. Yule Mwarabu wa Ghuba tunayemwona kwenye runinga, kitambaa kimemwangukia mabegani, hakuzungusha chochote. Chini kabisa amevaa kijikofia chepesi kinachozuia kitambaa kisiteleze. Juu yake ametandaza ghutra, kitambaa cha mraba kilichokunjwa pembetatu. Kikiwa na nakshi nyekundu juu ya weupe huitwa shimaghi. Juu ya vyote imekaa ile kamba nyeusi ya duara, mizunguko miwili, iitwayo ikali.

Kamba hiyo ina hadithi. Shina la neno lake ni kufunga, na ikali hasa ni kamba ya kumfungia ngamia goti lililokunjwa, asitokomee jangwani usiku. Kwa wanaoikumbuka hadithi ya mtu aliyeambiwa amfunge ngamia wake kwanza ndipo amtegemee Mungu, kitenzi ni hicho hicho. Na neno letu "akili" limetoka katika shina hilo hilo: akili ndiyo inayomfunga mtu asikimbie ovyo.

Basi si ajabu kamba hiyo ikabeba heshima ya mwenyewe. Mwanamume akiivua na kuiweka mbele ya mwenzake, ameomba jambo zito, na si rahisi kumrudisha mikono mitupu. Mfalme Faisal wa Saudi Arabia, aliyetawala tangu 1964 hadi 1975, alijulikana kwa ikali yenye nyuzi za dhahabu. Lakini masheikh wa nchi hiyo hiyo huiacha kabisa, wakatandaza kitambaa kitupu. Kwa hiyo hata kukosekana kwa kamba kunasema jambo.

Mahali ambapo kitambaa kimesema kwa sauti kubwa kuliko kote ni Palestina. Huko kitambaa hicho huitwa kufiya, na zamani kilikuwa cha mkulima na Bedui. Bwana wa mjini alivaa tarbushi nyekundu, urithi wa Waturuki, ambao Sultani wao Mahmud wa Pili aliwaamuru watumishi wa dola waivae mwaka 1829. Ukimtazama mtu kichwani, ulijua analima au anaandika.

Mwaka 1936 Wapalestina waliinuka dhidi ya utawala wa Waingereza. Wapiganaji wengi walitoka vijijini, na walipoingia mjini na kufiya zao, askari waliwatambua papo hapo. Agosti 1938 viongozi wa waasi wakatoa amri: kila mwanamume wa mjini avue tarbushi, avae kufiya. Mawakili, wafanyabiashara, Waislamu kwa Wakristo, wakaivaa; baadhi kwa moyo, baadhi kwa hofu. Mwasi akazama katika umati. Mimi naona hilo lilikuwa kubwa kuliko ujanja wa vita: ni mara ngapi mkulima amemchagulia bwana mkubwa nguo ya kuvaa? Uasi ulipozimwa mwaka 1939, wengi wa mabwana wa mjini walirudia tarbushi zao upesi.

Kufiya haikufa. Kiongozi wa Wapalestina, Yasser Arafat, aliivaa hata alipohutubia Umoja wa Mataifa Novemba 1974, akiilaza begani kwa mkunjo ambao watu walisema una umbo la ramani ya Palestina. Mjini Hebron kipo kiwanda cha Hirbawi, kilichoanza mwaka 1961, na mashine zake zingali zinaifuma.

Omani ni habari nyingine, na ndiyo inayotugusa sisi. Mwomani haishughulikii ikali. Kwenye shughuli rasmi na ofisi za serikali huvaa musari, kilemba hasa cha kuzungusha, na kile kizuri hufumwa kwa sufu ya Kashmir. Siku za kawaida huvaa kumma, kofia ya duara iliyodariziwa kwa mkono na kuachiwa vitobo vya kupitisha hewa. Mzee wa Unguja au Lamu akiishika atajua mara moja alichoshika: ni jamaa ya kofia yetu ya viua. Waomani wengi husema yao ilivuka bahari kutoka huku, zama Seyyid Said, Sultani wa Omani, na wanawe walipotawala Unguja. Mara nyingi sisi ndio tunaohesabiwa wapokeaji. Katika kofia hii, hesabu imegeuka.

Kilemba nacho kwetu kilipanda cheo hadi kikawa fedha. Katika posa za pwani, "kilemba" ni haki ya baba wa binti, kama mkaja ulivyo haki ya mama, hata kama baba mwenyewe hajapata kufunga kilemba maishani mwake.

Juma lijalo tutashuka mabegani, kwenye joho.