Nusu Siku Kasubi: Matembezi ya Askari na Mwenzi Wake

Kazi ya ulinzi ina desturi ya kuwatenga watu wa nyumba moja. Mume yuko mpakani, mke yuko kambini. Au mke ni polisi wa zamu ya usiku, na mumewe humwona akiwa usingizini tu. Likizo nayo ikifika, aghalabu humezwa na karo za watoto, misiba na safari za kwenda kuwaona wazee. Kwa hiyo leo hatuwashauri wasomaji wetu watafute mapumziko ya juma zima. Twawaomba saa nne au tano tu, ambazo hata mtu wa zamu aweza kuzipata, wazitumie wawili pamoja katika kilima cha Kasubi.

Kasubi ipo kaskazini-magharibi ya Kampala, kando ya barabara iendayo Hoima, kiasi cha kilomita tano kutoka katikati ya mji. Nauli ya teksi ya abiria si kubwa. Ni vyema kuondoka asubuhi, jua lingali pole.

Kabaka Mutesa wa Kwanza alijenga kasri lake hapo mwaka 1882. Alipofariki mwaka 1884 alizikwa papo hapo, na kasri likawa makaburi. Huyu ndiye mfalme aliyejifunza Kiswahili kwa wafanyabiashara waliotoka pwani na Unguja. Hivyo lugha hii mnayoisoma, ambayo ndiyo lugha ya majeshi ya Uganda tangu zamani, ilisikika katika baraza lake kabla ya kambi yoyote kujengwa. Wamelala naye Mwanga wa Pili, aliyefia uhamishoni Ushelisheli mwaka 1903 na mabaki yake kurudishwa mwaka 1910. Daudi Chwa wa Pili, aliyefariki mwaka 1939. Na Mutesa wa Pili, Rais wa kwanza wa Uganda.

Habari za huyu wa mwisho zawahusu askari kwa namna ya pekee. Mwaka 1966 jeshi lilivamia kasri lake la Mengo, akakimbilia Uingereza, akafia London mwaka 1969. Mwaka 1971 alirejeshwa nchini na kuzikwa Kasubi kwa heshima za taifa. Tena, tarehe 16 Machi 2010, nyumba kuu iitwayo Muzibu Azaala Mpanga iliteketea kwa moto, na siku ya pili yake raia waliuawa kwa risasi katika makabiliano na vikosi vya usalama mahali hapo hapo. Hatuyasemi haya ili kufufua uchungu. Twayasema kwa sababu mtu wa vikosi aingiaye Kasubi hana budi kujua anakanyaga wapi. Aende kwa nguo za kiraia, bila silaha, na kwa moyo wa mgeni anayebisha hodi.

Adabu za mahali hapo si ngumu. Mwanamke huvaa sketi ndefu au hujifunga leso. Viatu huvuliwa kabla ya kuingia nyumbani. Wageni huketi chini juu ya mikeka. Koplo na kamanda hukaa sakafu moja. Wengi wenu hamjapata kuwaketisha wake zenu mahali ambapo cheo hakikutangulia kuingia. Waulizeni walinzi langoni ni sehemu zipi zilizofunguliwa siku hiyo, kisha msikilizeni mwongozaji bila haraka.

Inueni macho mtazame paa. Limeezekwa kwa nyasi, na kazi hiyo ni haki ya ukoo wa Ngeye. Ndani yake mna duara 52, mfano wa koo 52 za Waganda. Nyuma ya pazia la magome ni mahali patakatifu, ambapo mgeni hafiki. Walinzi wakuu wa nyumba hii tangu zamani ni wanawake: wajane wa wafalme na wale walioirithi nafasi yao. Mke wa askari, ambaye huilinda nyumba miezi mingi peke yake, ataielewa kazi hiyo pasipo kufasiriwa. UNESCO iliyatia makaburi haya katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ikayaweka katika urithi ulio hatarini baada ya moto, na mwaka 2023, ujenzi ulipokuwa umesonga mbele, ikayaondoa katika hatari hiyo.

Kabla ya kurudi, ulizeni habari za nguo ya magome, ambayo ufundi wake ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Mti wa mutuba huvuliwa gome lake, nalo hupondwa kwa nyundo za mbao hata likawa jepesi na pana, kisha huanikwa juani likapata rangi ya udongo mwekundu. Shina lililobaki uchi halitupwi. Huvishwa majani ya mgomba lisikauke, na baada ya muda huota gome jipya. Lakini mti ulioachwa bila kufunikwa hupata madhara.

Nyumba za watu wa vikosi huvuliwa gome kila mara amri ya safari itokapo. Basi siku mpatayo nafasi, hata iwe nusu, msiimalizie baa wala mbele ya televisheni. Chukueni chakula kidogo na maji, pandeni kilima pamoja, na mzungumze yale ambayo simu ya mpakani haikutosha kuyasema.