Mashine kali ya kunyolea ndevu: kwa nini inalainisha uso leo na kuleta vipele kesho kutwa

Kwa nini mashine moja ya kunyolea ndevu inapita ku uso kama inapapasa tu, na ingine, yenye wembe wa aina ileile, inatosha damu mara ya kwanza? Na kwa nini mutu ananyoa asubui, uso unakuwa laini kama wa mutoto, kisha siku mbili tatu nyuma yake shingo yote inajaa vipele?

Kwanza tusichanganye vitu. Hatuzungumuzie tondeze ya kwafere. Tunazungumuzia ile mashine ndogo ya chuma yenye mupini: unafungua kichwa, unaweka ndani wembe mwembamba wenye makali pande mbili, unafunga, unanyoa. Wembe wenyewe kila mutu anaujua, ni ule wa butiki, wenye mama anakatia uzi na mutoto wa masomo anachongea kreyo. Mashine kama hiyo wazee walikuwa nayo, na leo kuna vijana wanairudilia: unainunua mara moja tu, kisha kila wiki unabadilisha wembe wa bei ndogo. Wengine wanatumiwa na ndugu walio Ulaya. Hapo njo shida inaanzia, juu hizo mashine haziko sawa.

Mashine hii iko na zaidi ya miaka mia moja. Ni Mumarekani mumoja, King Camp Gillette, ndiye aliyepata wazo la wembe mwembamba wa kutumia na kutupa, na injinia William Nickerson ndiye aliyepata namna ya kukomaza chuma chembamba hivyo bila kipindike. Mwaka wa 1903, mwaka wa kwanza wa biashara, waliuzisha mashine 51 tu. Mambo yalibadilika na vita ya kwanza ya dunia: serikali ya Marekani iliomba mashine milioni 3,5 kwa ajili ya askari wake, na wale waliporudi nyumbani walirudi nazo.

Turudi ku ukali. Wengi wanasema "wembe huu ni mubaya" na wanabadilisha marke. Ni kweli marke zinatofautiana, lakini mara nyingi kinacholeta ukali ni kichwa cha mashine. Ukitaka kujua yako ni ya namna gani, ishike mbele ya macho, uangalie kichwa kwa upande. Utaona vipande viwili: kifuniko cha juu, na sahani ya chini yenye ukingo unaogusa ngozi. Wembe uko katikati. Sasa waza mustari ulionyooka kutoka kifuniko mpaka ku ule ukingo. Kama makali ya wembe yamejificha nyuma ya mustari, ile ni mashine ya upole: ngozi inagusa chuma kwanza, wembe unafika nyuma. Kama makali yanachungulia mbele ya mustari, hiyo ni kali: wembe njo unafika wa kwanza.

Kuna pia nafasi kati ya wembe na ukingo. Ku mashine ya upole ni nusu milimetre hivi. Ku mashine kali inaweza kukaribia milimetre moja, na ngozi inapata fasi ya kuingia mule ndani. Zingine hazina hata ukingo ulionyooka, ziko na meno kama kichanuo. Meno peke yake hayafanye mashine ikuwe kali, lakini ile Mühle R41 ya Ujerumani, yenye wapenda-mashine wote wanaiogopa kidogo, iko na meno. Tangu mwaka wa 1958 Gillette iliuzisha mashine yenye kuzungushwa, kutoka namba 1 mpaka 9: unajichagulia ukali mwenyewe. Kama uko na ya namna hiyo, anza chini.

Mashine kali haikutengenezwa kwa kuumiza watu. Mutu mwenye ndevu nyingi za wiki mbili, ya upole inamuchosha: inajaa, inavuta, anapitisha mara tano fasi moja. Yenye meno na nafasi kubwa inapitisha povu na nywele, na kazi inaisha haraka. Kwa huyo ni kifaa kizuri.

Lakini sisi wengi nywele zetu zinajikunja, na mule njo kuna mambo. Unywele wa kujikunja haujipinde inje tu, hata mu ngozi umelala kwa kujipinda. Ukiukata karibu sana, ncha inabaki kali kama mukuki. Unapoota tena, unapinda, unarudi kuchoma ngozi palepale karibu na fasi ulitokea. Namna ya pili ni mubaya zaidi: ulivuta ngozi kwa vidole, ukanyoa kwa kurudisha wembe kinyume, unywele ukakatwa, na ulipoachilia ngozi ukarudi chini. Huo hautoke hata inje, unatoboa ngozi kutoka ndani. Mwili unaona kama muti umeingia, unapigana nao: kinavimba, kinawasha, wakati ingine kinatosha usaha. Kwa hiyo vile vipele havitoke ku uchafu, na kusugua uso kwa nguvu na sabuni ya kufulia kunaongeza tu kidonda.

Shida hii inajulikana sana kwa waganga. Katika jeshi la Marekani, kwa miaka mingi, waganga walikuwa wanaandikia askari karatasi za kuwaruhusu wasinyoe, na wengi wao walikuwa weusi wenye ndevu za kujikunja. Na ile mashine ya plastiki yenye nyembe tatu ao tano zilizopangana haisaidie: wa kwanza unainua unywele, unaofuata unaukata chini ya ngozi. Wembe moja unakata ku usawa wa ngozi, kwa hiyo mashine ya chuma ingepaswa kuwa afazali. Ni kweli, lakini ukichukua ile kali kabisa na ukapitisha mara tatu kinyume ili uso ukuwe kama kioo, umejirudisha kulekule. Kwa mawazo yangu, anayepata vipele asitafute ulaini. Abakishe kivuli kidogo cha ndevu, bibi atazoea.

Kama mashine kali njo uko nayo, usiitupe. Mbele ya kunyoa, lowanisha ndevu na maji ya moto kidogo kwa dakika mbili tatu, unywele wenye kulowana unakatika kwa urahisi. Paka povu nyingi. Sabuni ya kawaida inaweza kufanya kazi kama haikauke. Papasa ndevu uone zinalala upande gani. Ku shashu ni kushuka, lakini ku shingo zinaweza kuenda kando ao hata kupanda, na watu wengi wanakosea pale. Fuata upande ule.

Weka kifuniko ku ngozi, mupini ukiwa umesimama mbali na uso. Ushushe polepole mpaka usikie wembe unaanza kula unywele, ubakie hapo. Usisukume: uzito wa chuma unatosha, na anayetoka ku mashine ya plastiki anasahau hilo na kujikata. Vuta kidogo-kidogo, sentimetre mbili hivi, suuza, endelea. Usivute ngozi. Pitisha mara moja, mara mbili kama ni lazima, kisha maji ya baridi na basi. Kama wembe unaanza kuvuta, badilisha. Kwa wengi ni kisha kunyoa mara nne ao tano.

Mwenye shingo ambayo imekwisha kuvimba anapashwa kuacha wembe kabisa kwa majuma matatu ao mane, apunguze na tondeze bila kuigandamiza. Unywele uliojikunja ndani usiunyofoe, utarudi vilevile. Ukiona usaha, ao alama zinaanza kuwa ngumu na kukomaa, fika ku kituo cha afya mbele hazijakuwa makovu makubwa, juu makovu ya vile ni kazi kuyatosha.

Mashine kali inaleta jambo lingine lenye watu hawalifikirie: inatosha damu mara nyingi, hata tone ambalo jicho halioni. Kwa hiyo baba na kijana wake mu nyumba moja wasitumie wembe moja, hata wakiwa damu moja. Virusi vya hepatiti B vinaweza kubakia na nguvu inje ya mwili kwa siku 7 ao zaidi, mu damu iliyokauka. Kuupangusa wembe na kitambaa ao kuupaka parfe hakuvimalize. Hata mashine, kila mumoja akuwe na yake. Kama haiwezekane, ibadilishwe wembe, isuguliwe na sabuni, na iloweshwe mu maji ya javeli mbele mwingine hajaishika. Kwa kwafere ni vilevile: afungue karatasi ya wembe mupya mbele ya macho yako. Akikuambia alifungua sasa hivi kwa mutu mwingine, una haki ya kuomba mwingine, hata ukilipa kidogo juu yake.

Na wembe uliokwisha kazi usiutupe mu takataka ya kawaida, kuna watoto wanaochokora mule. Chukua kopo ya maziwa ya zamani, itoboe mwanya mwembamba ku kifuniko, uingizemo nyembe moja kwa moja. Kopo moja inaweza kumaliza miaka.