Meno ya Mto Mnyera

Usiku wa kwanza kando ya Mto Mnyera, bonde la Kilombero, sikupata usingizi. Viboko walinguruma hadi alfajiri. Hema tulikuwa tumelipiga mbali na maji, kwa kuhofia mamba.

Asubuhi mwenyeji wetu alikagua ndoana yangu. "Kaka, funga waya kwanza, samaki wa hapa atakukatia mshipi." Nikabisha, mshipi ukakatika mara mbili.

Samaki huyo, mwenye meno marefu yaliyochongoka kama misumari, wanasayansi walimpa jina Hydrocynus tanzaniae mwaka 1986. Akinaswa huruka juu ya maji akitikisa kichwa, na taya lake ni gumu mno, ndoana hupenya kwa shida. Wa tatu nilimvuta hadi ukingoni, nikamtazama, nikamrudisha mtoni.

Ukienda, beba waya.