Chombo cha Kutafutia Hazina Chini ya Maji: Namna Kifanyavyo Kazi, na Yampasayo Akitumiaye

Katika nchi ya Uingereza, wakati wa kiangazi, huonekana watu wakitembea polepole ndani ya mito, maji yakiwafika kiunoni. Masikioni wamevaa visikilizio, na mikononi wameshika fimbo ndefu yenye kisahani mwishoni. Watu hao si wavuvi. Wanatafuta sarafu, pete na vitu vingine vya metali vilivyopotea majini, pengine mwaka jana, pengine zamani za mababu.

Asili ya chombo hicho ni ya siku nyingi. Mwaka 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na fundi mashuhuri wa simu, Alexander Graham Bell, akaleta chombo cha umeme ili kuitafuta risasi iliyobaki mwilini. Hakufaulu, na sababu moja inayotajwa ni springi za chuma za kitanda cha mgonjwa, ambazo zilikivuruga chombo. Katika Vita Kuu ya Pili, ofisa wa jeshi la Poland, Józef Kosacki, alitengeneza chombo kilichoweza kuchukuliwa na askari mmoja. Vyombo hivyo vilitumiwa kutafuta mabomu yaliyofukiwa mchangani huko El Alamein, Misri, mwaka 1942.

Kazi yake ni hivi. Ndani ya kile kisahani mna koili ya waya. Umeme unaobadilika-badilika hupitishwa katika waya huo, nao hutoa nguvu za sumaku zipenyazo maji na mchanga. Nguvu hizo zikikifikia kitu cha metali, huamsha mikondo midogo ya umeme ndani yake. Mikondo hiyo nayo hutoa nguvu za sumaku za namna yake; chombo huzihisi, kikalia masikioni mwa mtafutaji.

Maji ya bahari hupitisha umeme kwa sababu ya chumvi, na kwa hiyo chombo cha kawaida huweza kulia pasipo na kitu. Taabu hiyo ni ndogo sana katika mito na maziwa. Hata hivyo, yampasa mnunuzi aulize kwanza: viko vyombo viwezavyo kuzama vyote, na viko ambavyo koili tu ndiyo hustahimili maji, na sanduku la umeme likilowa huharibika.

Tena chombo hakijui thamani. Pete nyembamba ya dhahabu huweza kulia sawasawa na kipande cha alumini cha kopo la kinywaji. Asiyetaka kuchimba takataka huweza kuiacha dhahabu.

Sarafu ni nzito kuliko mchanga. Mto ukijaa huzisukuma, na nguvu za maji zikipungua huziacha nyuma ya mawe makubwa, au upande wa ndani wa kona ya mto. Kisha huzama kidogo kidogo mpaka zifike kwenye mwamba au udongo mgumu. Katika maziwa, mahali pazuri ni pale watu waogeleapo, na chini ya magati ya kale.

Lakini mto hauna huruma. Haifai mtu kwenda peke yake, wala kuingia palipo na mkondo wa nguvu au maji ya matope yasiyoonyesha kina. Katika mito na maziwa ya Ulaya yamo pia mabomu ya vita ambayo hayajalipuka. Mtu akiona kitu kama hicho asikiguse, bali aondoke na kuwaarifu polisi.

Iko na sheria. Kwanza, ni lazima kupata ruhusa ya mwenye ardhi. Pili, kwa Sheria ya Hazina ya mwaka 1996, mtu wa Uingereza aonaye hazina ya kale, kama vile kitu cha dhahabu au fedha kilichopita miaka 300, hana budi kutoa habari katika muda wa siku 14. Habari hizo hupelekwa kwa ofisa yule yule achunguzaye vifo vya ghafula, maana tangu zamani kazi hizo mbili ni zake. Jumba la makumbusho likikitaka kitu hicho, huweza kulipa zawadi. Afichaye huweza kufungwa miezi 3, au kutozwa faini, au yote mawili.

Faida ya sheria hiyo yaonekana Piercebridge, kijiji cha kaskazini ya Uingereza kando ya mto Tees. Hapo palikuwa na daraja la Warumi. Tangu miaka ya 1980 wapiga mbizi wamevitoa humo vitu vya kale zaidi ya 3,000: sarafu, mapambo na sanamu ndogo. Kwa kuwa viliandikwa na kuchunguzwa pamoja, wataalamu waliweza kufikiri kwamba wapitao darajani walivitupa vingi kwa makusudi, kama sadaka kwa miungu yao.

Lau kila sarafu ingaliuzwa kwa siri, ingalikuwa kipande cha metali tu, na habari za watu wale zingalipotea. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mtafutaji wa hazina, daftari lina thamani sawa na chombo chenyewe.