Nambari iliyoficha vigawo vyake kwa miaka 259

KUZIDISHA ni kazi ya mwanafunzi wa shule ya msingi, lakini kuirudisha kazi hiyo nyuma kwaweza kuwashinda mabingwa. Ushahidi ni nambari hii: 147,573,952,589,676,412,927.

Nambari hiyo yenye tarakimu 21 hupatikana kwa kuandika mbili mara 67, kuzizidisha zote pamoja, kisha kuondoa moja. Mnamo 1644, mtawa Mfaransa Marin Mersenne aliiorodhesha miongoni mwa nambari tasa, yaani zisizogawanyika kikamilifu ila kwa moja na kwa zenyewe.

Dai hilo lilidumu zaidi ya karne mbili. Mwaka wa 1876, Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alithibitisha kuwa Mersenne alikosea. Ajabu ni kwamba Lucas hakutaja hata kigawo kimoja. Mbinu yake ilionyesha kuwa vigawo vipo, bila kuonyesha ni vipi.

Vilifichuliwa Oktoba 1903 na Frank Nelson Cole, profesa Mmarekani, katika mkutano wa wanahisabati jijini New York. Ni 193,707,721 na 761,838,257,287. Vyote viwili ni nambari tasa. Kwa hivyo, ukijumlisha moja na nambari yenyewe, vigawo vyote ni vinne tu. Inasimuliwa kuwa Cole alikokotoa ubaoni bila kunena neno, majibu yakalingana, na hadhira ikamshangilia.

Haikuwa kazi ya kubahatisha. Kigawo chochote cha nambari hiyo, ukikipunguza moja, lazima kigawanyike kwa 134. Hata hivyo, ukianza na 135 na kuhesabu nambari zinazotimiza sharti hilo, kile kigawo kidogo ni cha 1,445,580.

Je, yatuhusu nini? Mwaka wa 1977, Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walibuni njia ya kulinda siri inayotegemea ugumu huohuo. Kompyuta huteua nambari tasa mbili kubwa, huzizidisha, na kutangaza jibu hadharani. Anayevijua vigawo ndiye mwenye ufunguo.

Mwaka wa 2020, watafiti walifaulu kuigawa nambari ya aina hiyo yenye tarakimu 250. Zile zinazotumiwa sana kulinda mawasiliano ya intaneti, yakiwemo ya benki, zina tarakimu 617. Siku itakapopatikana njia ya mkato ya kuzigawa, kufuli hizo hazitafaa kitu.