Kaiti kutoka Jambiani hadi Michamvi: Angalia maji kabla ya upepo

Msimu wa kusi, kati ya Juni na Septemba, anga la Paje, Unguja, hujaa kaiti za kila rangi. Wengi huteleza palepale karibu na ufukwe. Wapo wanaotaka zaidi: kuanzia Jambiani, kupita Paje na Bwejuu, hadi Michamvi. Ni karibu kilomita 20, na mwenye uzoefu anaweza kuzimaliza ndani ya saa mbili.

Kila mtu huangalia upepo kwenye simu. Lakini pwani hii, maji ndiyo yanayoamua.

Saa zinabadilika

Kati ya ufukwe na mwamba, bahari ni ya kina kifupi. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita 4. Siku hizo maji hupwa mishale ya saa 4 asubuhi na kujaa mishale ya saa 10 jioni.

Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Wiki moja baadaye mambo hugeuka: maji yanajaa asubuhi, yanapwa jioni. Kwa hiyo ratiba ya rafiki yako aliyekwenda wiki jana haikufai.

Panga kuanzia mwisho

Chukua saa ya maji kujaa, kisha ondoka saa moja na nusu kabla. Kama yanajaa saa 10 jioni, ingia majini saa 8 na nusu. Utafika Michamvi maji bado yapo na jua bado lipo.

Ukichelewa, maji yanayotoka hupita kwa nguvu kwenye milango ya mwamba na yanaweza kukuvuta nje. Na giza huku huingia haraka baada ya jua kuzama.

Upepo nao uwe unatoka baharini kuelekea ufukweni. Ukivuma kutoka nchi kavu, ahirisha. Hakuna mjadala.

Angalia mashamba ya mwani

Njiani kuna vigingi na kamba za mwani, na wakulima wengi ni akina mama. Maji yakijaa huvioni. Ukipita juu yake unaweza kuumia, na kuharibu kipato cha mtu. Asubuhi maji yakiwa yamepwa, tembea ufukweni, uliza wenyeji mashamba yako wapi.

Beba hivi

- Simu kwenye mfuko usiopitisha maji
- Filimbi na jaketi la kuelea
- Maji ya kunywa
- Viatu vya majini, maana kuna wanyama wenye miiba mikali

Usiende peke yako. Mtu wa nchi kavu ajue umeondoka saa ngapi na unatarajiwa saa ngapi. Panga pia usafiri wa kurudi, maana kurudi kwa kaiti ni kupambana na upepo njia nzima.

Upepo ukikata

Usiiache kaiti ukaanza kuogelea. Iliyojazwa hewa huelea, na huonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu. Ishikilie, piga filimbi, na ukiweza piga 112.

Ukifika Paje ukaona upepo unalegea au mwili umechoka, toka hapo hapo. Michamvi haihami.